Kichwa kwa goti: wakubwa walimsaka mchawi, ugonjwa wakauacha wodini

Ndugu msomaji, wewe wa bodaboda, wewe mmachinga unayepanga viatu Kariakoo, wewe uliyekaa kijiweni unasubiri kibarua, leo weka pembeni habari za Simba na Yanga tuzungumze habari ya kichwa chako. Sina maana ya akili. Nina maana ya fuvu lenyewe. Katika jiji hili la Dar es Salaam kuna kijana alikwenda hospitali kutibiwa goti, akapasuliwa kichwa.

Tukumbushane, maana nchi hii inasahau upesi. Ilikuwa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI. Vijana wawili ambao majina yao ya kwanza yalifanana waliingizwa chumba cha upasuaji. Mmoja alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Mwingine alikuwa na tatizo la goti. Mwenye goti akafunguliwa kichwa, mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Yule wa uvimbe alifariki siku chache baadaye. Mwenzake akapelekwa India ili wenye utaalamu wa huko wahangaike na kichwa ambacho hakikuwa na ugonjwa mpaka alipokuja kutibiwa.

Serikali ikafanya nini? Ikafanya kile inachokijua. Madaktari wakasimamishwa kazi, kamati ikaundwa, waziri akaita waandishi wa habari, picha zikapigwa. Wananchi tukaambiwa tutulie, hatua zinachukuliwa. Nasi tukatulia. Hebu nikuulize, ndugu yangu: katika miaka yote iliyopita tangu siku hiyo, umewahi kuishika mkononi taarifa ya kamati ile? Umewahi kuingia wodini ukaambiwa kwamba utaratibu huu unaouona uliwekwa kwa sababu ya wale vijana wawili? Kama jibu lako ni hapana, basi elewa kwamba hatua zilizochukuliwa zilikuwa za kutuliza kelele. Kutibu kilichosababisha kelele ni kazi nyingine.

Huko kijijini mtoto akifa, wapo wanaokwenda kwa mganga wa kienyeji kuuliza nani kamloga. Mganga anataja jina la bibi kizee jirani, bibi anafukuzwa kijijini, watu wanalala usingizi mnono. Lakini mbu bado wapo dimbwini, na masika yakija mtoto mwingine anakufa. Wakubwa wetu waliosoma, wanaovaa suti na kupanda mashangingi, wakisikia habari hiyo wanacheka, wanasema huo ni ujinga wa washamba. Kumbe na wao hospitalini wanafanya hivyo hivyo! Anatafutwa mtu mmoja, anatajwa jina, anafukuzwa, na dimbwi linabaki pale pale.

KENYATTA NAKO YALE YALE

Usidhani ni Tanzania peke yake. Mwaka 2018 jirani zetu Kenya walipata yao, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Mgonjwa mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani na alihitaji upasuaji. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Vitambulisho vikachanganywa. Asiyehitaji kisu ndiye aliyefunguliwa fuvu, na madaktari wakatafuta kwa saa kadhaa damu ambayo haikuwepo kabla ya kugundua kwamba mtu waliyemlaza mezani siye.

Serikali ya kule nayo ikaja na dawa ile ile. Daktari aliyepasua, ambaye bado alikuwa akisomea ubingwa, akasimamishwa. Wauguzi wawili na mtoa dawa ya usingizi wakasimamishwa. Mkurugenzi akapewa likizo ya lazima. Madaktari wenzake wakagoma wakisema kijana anatolewa kafara. Kitu cha kukutia hofu ni hiki: kati ya Muhimbili na Kenyatta kuna zaidi ya miaka 10, na kosa ni lile lile hadi rangi. Ingekuwa kumfukuza mtu ni dawa, tungekuwa tumepona zamani.

KOSA LINAZALIWAJE?

Tuambiane ukweli. Daktari hatoki nyumbani asubuhi akisema leo nitapasua mtu siye. Nesi hakumbatii chupa ya dawa yenye sumu akitafuta wa kumwekea. Wapo wala rushwa, wapo wazembe, wapo wanaomtukana mama mjamzito, na hao sheria iwashukie bila huruma. Lakini makosa mengi yanayoua watu hayafanywi na hao. Yanafanywa na mtu wa kawaida aliyewekwa katika utaratibu mbovu.

Angalia yanavyojengeka. Wodi imejaa hadi sakafuni, muuguzi mmoja anahudumia vitanda visivyohesabika. Faili limeandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na haraka. Wagonjwa wawili wana jina moja na hakuna utepe mkononi wenye namba. Zamu inabadilika, anayeondoka anataka kuwahi daladala, anayeingia haambiwi kila kitu. Vichupa viwili vya dawa vinafanana kama pacha na vimewekwa rafu moja. Daktari hajalala tangu jana. Kila tundu peke yake ni dogo. Siku matundu yote yakikaa mstari mmoja, risasi inapita katikati na kukupata wewe.

Uchovu huo si maneno ya kisingizio. Mwaka 1984 binti wa miaka 18 alifia hospitalini New York, Marekani, saa chache baada ya kulazwa, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari vijana waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakukubali kuambiwa pole akanyamaza. Alipiga kelele hadi jimbo la New York likaweka kanuni mwaka 1989: daktari wa mafunzo asifanye kazi zaidi ya wastani wa saa 80 kwa wiki. Saa 80 bado ni nyingi mno. Lakini angalau kule walikubali kwamba daktari naye ana mwili, na mwili huchoka. Hapa kwetu dereva wa basi la mikoani anawekewa askari barabarani ahakikishe hachoki. Daktari wako anayeshika kisu saa tisa usiku, nani anamuuliza amelala lini?

Tundu baya kuliko yote ni woga. Nikupe mfano wa daladala, maana huo unaujua. Konda anaona nati za tairi zimelegea. Lakini dereva ni mkali, akiambiwa kitu mbele ya abiria anatukana. Konda ananyamaza, gari linaingia Barabara ya Morogoro. Mnajua mwisho wake.

Jambo hilo hilo limewahi kutokea kwenye ndege. Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alianza kuruka kabla hajaruhusiwa. Fundi wake wa ndani ya ndege aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka njiani. Bosi akajibu kwa mkato kwamba imeondoka, na fundi hakung'ang'ania. Rubani huyo hakuwa mbumbumbu, alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake. Wenye ndege walipomaliza kuzika hawakuridhika kumlaumu marehemu. Walibadilisha mafunzo: mdogo afundishwe kusema, mkubwa afundishwe kusikia.

Sasa rudi wodini kwetu. Nesi wa miaka 24 anaona daktari bingwa anaelekea kumpasua mtu siye. Unadhani atasema? Akisema na ikawa amekosea, atafokewa mbele ya watu na jina lake litafika kwa matroni. Akinyamaza na kosa likatokea, atakayefukuzwa huenda akawa mwingine. Kwa utaratibu wa kusaka mchawi, kunyamaza ndiyo busara. Utaratibu huo unamfundisha kila mfanyakazi wa hospitali kitu kimoja tu: ficha. Faili linapotea, karatasi inachanwa, ndugu wanaambiwa "ni mapenzi ya Mungu". Mungu wa watu anasingiziwa kazi ya kichupa kilichowekwa rafu siyo!

DAWA ILIKUWA IFAKARA

Hapa ndipo damu inaponichemka. Mwaka ule ule wa 2007, wakati Muhimbili wakibadilisha kichwa kwa goti, dawa ya ugonjwa huo ilikuwa inajaribiwa hapa hapa Tanzania. Siyo London peke yake, siyo Seattle peke yake. Ifakara! Kule Kilombero, mkoa wa Morogoro, kwenye mpunga na mafuriko.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu kitu kimoja rahisi katika hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Kitu chenyewe ni karatasi moja yenye mambo 19 ya kukagua kabla, wakati na baada ya upasuaji. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe anaulizwa: unaitwa nani, unafanyiwa nini, upande gani? Sehemu ya kupasuliwa inawekwa alama. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, kisha wanathibitisha kwa sauti jina la mgonjwa na mahali pa kupasua. Kabla ya kutoka, muuguzi anahesabu vyombo, sindano na pamba ili kisisahaulike kitu tumboni.

Ndugu msomaji, hiyo ni mashine ya mabilioni? Hiyo inahitaji mkopo wa Benki ya Dunia? Ni karatasi na wino! Majibu yalitangazwa Januari 2009: katika hospitali hizo nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na wagonjwa waliopata madhara makubwa wakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Lile swali la jina, lile la kwanza kabisa kwenye karatasi, ndilo ambalo lingewaokoa wale vijana wawili.

Faida nyingine haionekani kwa haraka. Karatasi ile inampa nesi ruhusa ya kusema. Akimsimamisha daktari bingwa haonekani mjuaji, kwa sababu karatasi ndiyo inayouliza. Woga unapungua bila mtu kuvunjiwa heshima.

Wakubwa wanazijua hospitali zinazofanya hivyo, maana wao ndiko wanakokimbilia. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Alipona, tukashukuru. Lakini ijue historia ya hospitali ile. Mwaka 2001 mtoto wa mwaka mmoja na nusu alifia pale pale kwa makosa ya hospitali: alikaukiwa maji mwilini huku mama yake akiwaambia kwamba mtoto ana kiu, kisha akapewa dawa ambayo hakupaswa kupewa. Hospitali ilifanyaje? Ilikiri. Ilikaa na wazazi, ikawaeleza, ikawalipa fidia. Wazazi wakarudisha sehemu ya fedha hizo hospitalini zitumike kuzuia makosa, na mama akawa anazungumza na madaktari na wauguzi kuhusu mwanawe.

Hospitali hiyo hiyo, mwaka ule ule, ilianzisha karatasi ya mambo matano ya kuzuia maambukizi ya mipira inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu. La kwanza katika matano hayo ni kunawa mikono. Wauguzi wakapewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hata moja. Kwa hiyo mkubwa wetu alipopanda ndege alifuata vifaa na mabingwa, lakini alifuata pia mahali ambapo nesi anaruhusiwa kusema hapana. Sisi walalahoi tusio na tiketi tunaomba hilo la mwisho tu. Halina nauli.

WALIOSEMA WALIPATA NINI?

Hapa petu aliyesema alionekana adui. Mwaka 2012 madaktari waligoma. Walidai mishahara, ndiyo, lakini walidai pia vifaa na mazingira ya kumtibu mtu kama mtu. Madaktari vijana waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakasimamishwa. Juni mwaka huo kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akapigwa vibaya na kutupwa katika msitu wa Mabwepande. Akapelekwa nje kutibiwa.

Sisemi nani alifanya, hiyo ni kazi ya mahakama. Ninasema kila nesi na kila daktari nchini aliona picha ile gazetini. Baada ya kuiona, unategemea nani asimame hadharani aseme hospitali yetu ina hatari hii na hii?

NAWE KIJANA USIJIFICHE

Sasa nageuka kwako, na usininunie. Kijiweni ukisikia mgonjwa amekufa kwa kosa, unasemaje? "Yule nesi akamatwe! Apigwe! Afungwe maisha!" Wapo wanaokwenda hadi wodini na ngumi. Kwa hasira hiyo unampa mkubwa ofa ya bure. Yeye anataka hicho hicho: mtu mmoja mdogo wa kutupwa kwa umma, ili mtu yeyote asiulize nani aliacha wodi bila watumishi, nani alinunua vichupa vinavyofanana, nani alisaini ratiba ya zamu ya siku mbili. Ukimpiga nesi, umemlinda mkubwa.

Fanya kazi inayowauma. Kabla ndugu yako hajapasuliwa, mfundishe kutaja jina lake kamili, ugonjwa wake na upande unaopasuliwa kwa kila anayemgusa, hata kama wanachoka kusikia. Uliza kama ile karatasi ya ukaguzi inatumika. Dawa ikibadilika rangi, uliza. Likitokea la kutokea, omba maelezo kwa maandishi kwa mganga mfawidhi, weka nakala. Malalamiko dhidi ya daktari yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukitaka kuishitaki serikali, sheria inataka notisi ya siku 90 kwanza, na madai ya uzembe wa namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, kwa hiyo kulia matanga bila kuandika barua ni kuwasaidia. Katiba yetu, ibara ya 14, inakupa haki ya kuishi. Ibara ya 18 inakupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yako. Kifo cha ndugu yako mezani si jambo muhimu?

Na kwa serikali, madai yetu yanatosha kwenye karatasi ndogo kuliko ile ya Ifakara. Kwanza, kila hospitali inayopasua watu ithibitishe kwa umma kwamba inatumia orodha ya ukaguzi kwa kila mgonjwa, siyo kuibandika ukutani kama kalenda. Pili, mfanyakazi anayeripoti kosa lililofanyika bila nia mbaya alindwe kwa sheria. Denmark waliweka sheria hiyo, ikaanza kutumika mwaka 2004, na kwao anayeripoti haadhibiwi kwa kuripoti. Tatu, uchunguzi ukikamilika, taarifa isomwe hadharani bila kutaja majina ya wagonjwa, ili hospitali ya Tunduru ijifunze kutokana na kosa la Dar es Salaam. Nne, aliyeumizwa na matibabu alipwe bila kusubiri daktari apatikane na hatia. New Zealand wamekuwa na mfuko wa namna hiyo tangu 1974. Hapa tunaimbiwa bima kwa wote, wimbo mzuri. Aliyepasuliwa kichwa badala ya goti mbona hayumo kwenye ubeti hata mmoja?

Watasema hakuna fedha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, huduma zisizo salama hospitalini huchangia vifo milioni 2.6 kila mwaka. Wengi wa hao walikwenda hospitali kwa miguu yao au kwa bodaboda kama yako, wakiamini wanakwenda kupona. Kuuliza jina la mtu kabla ya kumpasua hakuhitaji bajeti.

Wewe unayeendesha pikipiki kutwa kucha kwenye foleni za jiji hili, siku moja unaweza kulazwa kwenye ile meza. Jina lako huenda ni Juma, na kitanda cha jirani kuna Juma mwingine. Kabla siku hiyo haijafika, nenda kamuulize diwani wako na mbunge wako swali moja, na usiondoke bila jibu: karatasi ya Ifakara inatumika katika hospitali yetu, ndiyo au hapana?